Sura ya Tano: Supyeri ya Madamu Élisabeth

Mzungu akipoteza kijiko, mpishi ndiye hulala ndani. Sajini Hilaire wa polisi ya teritware, ndiyo wilaya, ya Masisi alikuwa ameiona kesi ya namna hiyo mara nyingi kiasi kwamba angeweza kuisimulia kabla haijatokea. Kwa hiyo Ijumaa ile ya mwaka 1952, alipofika Mushaki akisukuma baiskeli yake kwenye matope, hakushangaa kusikia kwamba mpishi amekwisha kupelekwa kachoti, mahabusu ya Masisi, akiwa amefungwa mikono, na kwamba Bwana Hubert alikuwa amemkamata kwa mkono wake mwenyewe katikati ya soko, huku akipiga kelele: "Mwizi! Mwizi!" Wauza viazi wote walisikia. Walisikia hata waliokuwa hawataki.

Mpishi huyo ni Paul, mtu wa Muheto. Kosa lake lilikuwa moja tu. Katika kabati la bwana wake hakukuwa na lile bakuli kubwa la supu, la kauri nyeupe ya Kifaransa, lenye mfuniko na vishikio viwili vya dhahabu, ambalo wenyewe waliliita supyeri. Jumatatu Bwana Ajenti wa teritware angesikiliza kesi. Paul akipatikana na hatia, angepelekwa gereza la Goma, na mpishi aliyefungwa kwa wizi hapati tena jiko la mtu mpaka anaingia kaburini. Jina la mpishi ndilo shamba lake. Likiharibika, hana pengine pa kulima.

Hilaire alilijua jiko la Paul. Nani asiyelijua? Enzi za Madamu Élisabeth, kila aliyepita barabara ya Sake kwenda Masisi alipunguza mwendo akifika pale. Madirisha yalikuwa wazi, harufu ya mkate ilishuka mpaka barabarani, na Madamu mwenyewe alitoka kwenye baraza ya nyuma kuuliza habari za watoto wa watu kwa majina yao. Hata polisi walipewa kahawa. Hilaire aliinywa akiwa amesimama, kikombe cha bati la emaye mkononi, na kupitia mlango ulioachwa wazi aliona meza ya Jumapili ikimeremeta kwa vyombo vyeupe, akawaza: kumbe dunia ina vitu hivi pia. Sasa Madamu alikuwa na mwaka kaburini. Madirisha yalikuwa yamefungwa, na nyumba ilinuka panya.

"Paul iko mwizi," Bwana Hubert alisema kabla hajasalimiwa. Alikuwa mtu mrefu aliyeanza kupinda, mwenye shamba la pareto, shati limekosa kifungo ambacho zamani kisingekosekana. "Mimi nasema, wewe unaandika. Ni maneno mafupi."

"Nitaandika, Bwana. Ila niangalie kwanza."

Kabati lilisimama mkabala na dirisha la mashariki, milango yake ya vioo. Ndani yake zilipangwa sahani za nyama, sahani za supu, vikombe vyepesi visivyoaminika mkononi, vyote na ukingo wa dhahabu na maua madogo ya zambarau yaliyochorwa kwa mkono. Bwana Hubert alichukua sahani moja akaiinua mbele ya dirisha, na Hilaire akaona kivuli cha vidole vya mzee yule upande wa pili, kana kwamba sahani ilikuwa karatasi.

"Unaona? Ilitoka Limoges, kwetu Ufaransa. Mama ya Élisabeth alimupa siku ya ndoa. Kila mugeni alikuwa anamuonesha vile, ku dirisha." Sauti yake ilishuka. Akairudisha sahani taratibu. "Muntu ya Costermansville anataka kununua yote. Lakini bila supyeri hanunue. Na mimi narudi Ulaya. Hapa sina kazi tena."

"Bwana aliona supyeri lini, mara ya mwisho?"

"Ilikuwa hapa." Alionyesha katikati ya rafu ya pili. Pale palikuwa na bakuli la matunda lenye mguu mmoja.

"Naelewa. Lakini lini?"

Bwana Hubert alihesabu kwa vidole, akaacha. Tangu msiba hakuwa amelifungua kabati lile mpaka majuzi, alipomwandikia mnunuzi. Alikula jikoni, kwenye sahani ya bati, kama mtu aliye safarini.

Hilaire aliomba ruhusa ya kuhamisha vyombo.

"Usivunje."

"Nikivunja, Bwana atanifunga pamoja na Paul. Tutakuwa wawili, hatutasikia baridi."

Rafu zilitandikwa kitambaa cha buluu. Jua la asubuhi, miaka nenda miaka rudi, lilikuwa limekila kitambaa kile mpaka kikawa na rangi ya maji ya kufulia. Lakini kila Hilaire alipoinua sahani, chini yake alikuta duara la buluu iliyoiva, kama siku kilipotoka dukani. Aliinua sahani zote za rafu ya pili. Maduara, maduara. Mwisho akainua bakuli la matunda. Chini ya mguu wake kulikuwa na duara dogo, buluu yake imeiva kama ya mengine. Kulizunguka, kitambaa kilikuwa kimepauka sawa na kwingine kote.

"Bwana, supyeri ina mguu wa namna gani?"

"Mrefu, kama yai. Hivi." Alionyesha kwa mikono.

"Sasa alama ya yai iko wapi? Chombo kikubwa vile kikikaa hapa mpaka wiki jana, tungekuta kivuli chake. Jua halili kitambaa kwa wiki moja, hata mwezi mmoja. Na hili bakuli la matunda, nani aliliweka katikati?"

"Élisabeth. Tangu afe hakuna muntu alishika kitu."

"Na funguo?"

"Alikuwa nayo yeye, mu aproni. Kisha mimi." Aligusa mnyororo wa saa yake, na ufunguo mdogo ukalia.

Hilaire alirudisha vyombo kimoja kimoja. Hakufurahi. Ukweli ulikuwa umemjia haraka mno, na ukweli wa haraka una kawaida ya kuleta ndugu zake. Supyeri ilitoka humo Madamu akiwa hai. Aliyeitoa alikuwa na ufunguo, na baada ya kuitoa alisogeza bakuli la matunda ili pengo lisionekane.

"Unataka kusema bibi yangu aliiba chombo yake?" Bwana Hubert aliuliza, uso umemwiva.

"Mimi sisemi kitu, Bwana. Kitambaa njo kinasema."

Mzee hakukubali. Mtu akishatamka jina la mwizi mbele ya soko zima, si rahisi kulimeza. Alikumbuka ghafla kwamba kuna mchungaji mmoja, Hakorimana, aliyeonekana akipita na chombo cheupe. Watu walisema anakitumia kwa maziwa. Bila shaka Paul alimuuzia. Hilaire alitaka kucheka, akajizuia, akaenda. Polisi anayechagua pa kwenda huishia kwenda anakopenda tu.

Hakorimana alimpokea zizini kwa heshima zote. Aliposikia swali alishika kichwa.

"Maziwa? Mu chombo ya Muzungu, ile ilikuwa na supu ya nyama? Papa Sajini, unataka ng'ombe zangu zikauke?"

"Mimi niliambiwa tu."

"Maziwa inakaa mu chansi, chombo ya kuchonga na miti. Baba yangu vile, babu yangu vile. Muntu mwenye ng'ombe akitia maziwa mu chombo ya nyama, hata mutoto atamucheka." Akaleta chombo chake cheupe mwenyewe. Lilikuwa beseni la emaye lililobanduka pembeni, na ng'ombe walilifuata, kwa maana ndilo walilolambia chumvi. "Njo hii. Upeleke ku Masisi?"

"Hapana. Nikiipeleka, ng'ombe watanishitaki."

Alirudi kwa njia ya nyuma ya nyumba ya Bwana Hubert. Pale Mukasine, mwanamke aliyefua nguo za nyumba, alikuwa akianika mashuka. Hilaire aliketi juu ya beseni lililopinduliwa bila kukaribishwa. Supyeri ni ya supu, alikuwa akiwaza. Mwenye nyumba hampelekei mwenye afya supu, na hapeleki kwa siri ila kuna mtu wa kumkataza.

"Dada Mukasine, Madamu akiwa hai, nani aligonjwa sana hapa?"

Mukasine alishika shuka mkononi bila kulianika.

"Kabla ya mimi kuingia mu kazi, palikuwa Valérie, mama mumoja wa kule porini, upande ya Walikale. Njo alikuwa anafua. Alikuwa na katoto, Jeannette. Batu banasema kale katoto kalikuwa kanashinda mu nyumba ya Madamu sawa nyumba yao. Madamu hakuzaa, Papa, unajua. Halafu, sasa miaka mbili, surua ikaingia mu kambi ya bafanyakazi. Bwana akakataza Madamu kufika kule. Alikataza na nguvu, juu alikuwa anamuogopea."

"Na mutoto?"

"Alikufa. Bakamuzika, kisha Valérie akarudia kwao Kalembe. Dada yangu alimuona siku ya kuenda. Alikuwa na kitunga ku kichwa. Dada akasema nikusaidie, akakataa. Alikuwa anatembea polepole sawa muntu amebeba mayai."

Hilaire alisimama. Alisahau hata kuaga.

Jioni ile ile alifika Masisi na kuingia kachoti. Paul alikuwa ameketi juu ya mkeka, mikono juu ya magoti, ametulia kama aliyeketi kungoja chungu kichemke. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye uso wa kutosema mengi.

"Papa Paul, najua supyeri ilitoka na mukono ya Madamu."

Paul alikunja ncha ya mkeka.

"Najua aliyepikiwa ni Jeannette. Supu ulipika wewe. Chombo iko kwa Valérie. Sema ndiyo tu, nikufungulie."

"Sajini, andika nimeiba."

"Umechoka na uhuru?"

"Andika nimeiba, ao andika sikusema kitu. Hizo mbili njo niko nazo."

Hilaire alikasirika, na tunamwelewa. Katika maisha yake ya upolisi alikuwa amewabembeleza wezi wakiri, lakini mtu asiye na kosa anayeomba kuandikiwa kosa ni ugonjwa mwingine. Alimtazama Paul mpaka hasira ikapungua, na kilichobaki mahali pake kilikuwa kitu kinachokaribia wivu. Ni nani angekaa kimya hivi kwa ajili yake, Hilaire, akishakufa?

Jumamosi alipanda lori la mbao mpaka Nyabiondo, halafu akashika njia kwa miguu. Kuelekea Kalembe vilima vya malisho huishia mgongoni mwako, na miti huanza kukusogelea pande zote mbili. Njiani aliipanga kesi kichwani. Madamu alipeleka supu, mtoto akafa, na mama wa mtoto akaondoka na chombo cha thamani bila kukirudisha. Madamu, kwa aibu au kwa huruma, akaficha pengo. Basi mwizi yupo, ila si Paul. Valérie alikula wema wa mwenye kufiwa pamoja naye, kisha akabeba na sahani. Hilaire alijikuta anamchukia mwanamke ambaye hajamwona.

Alimkuta akipepeta mpunga mbele ya nyumba. Mwembamba, kitambaa kichwani, msalaba mdogo wa shaba shingoni. Alipoona kofia ya polisi hakukimbia. Alikung'uta mikono.

"Karibu, Papa. Ulikuja juu ya supyeri."

"Nilikuja juu yake, ndiyo. Iko wapi?"

Aliingia ndani akatoka na kitunga kilichojazwa majani makavu ya ndizi. Akayatoa kidogo kidogo, na katikati yake, weupe wake ukishangaza pale penye udongo na moshi, ilikuwamo supyeri ya Madamu Élisabeth. Nzima. Hata dhahabu ya vishikio haikuchubuka. Maua ya zambarau yalikuwa yamezunguka mfuniko kana kwamba yameota jana.

"Miaka mbili," Hilaire alisema kwa ukali. "Chombo ya mwenyewe. Juu ya nini hukurudisha?"

Valérie alimtazama kama anayeulizwa kwa nini mvua hunyesha kwenda chini.

"Nirudishe tupu?"

Mara moja Hilaire alijiona mtoto, kwenye mteremko wa nyumbani kwao, amebeba chungu cha jirani kichwani, na mama yake akimwita arudi: "Hilaire! Unaenda na chungu tupu, unataka waseme sisi ni watu gani?" Na mama anakimbilia nyuma ya nyumba. Mwaka wa mavuno anatia maharage. Mwaka wa njaa anatia hata majani ya maboga, anayapanga vizuri, anayafunika kama nyama. Chombo kilichokuja na chakula hakirudi kitupu. Hakuna aliyemfundisha, alikuwa amekunywa jambo hilo pamoja na maziwa. Na sasa, kwa kuwa chombo kilikuwa cha Mzungu, alikuwa ameliacha nje ya hesabu zake, yeye mtoto wa mama yule. Alivua kofia akaketi.

"Nielezee, Mama."

"Jeannette alikuwa anakataa kila kitu," Valérie alisema. "Maji, uji, kila kitu. Madamu akakuja na miguu, mvua inanyesha, supyeri mu mikono, amefunga na shuka. Paul alikuwa nyuma yake na mwamvuli. Bwana alikuwa ameenda Sake. Madamu akamupakata, akamunywesha na kijiko. Na mutoto akakunywa, Papa. Alikunywa akasema 'ingine.' Ile njo neno ya mwisho nilisikia ku kinywa yake." Alipangusa mfuniko usio na vumbi. "Asubui akafariki. Madamu akaniambia, acha, chombo utarudisha siku ingine. Sasa, chombo ilileta ile chakula, niirudishe na nini? Na viazi? Nikasema nitalima mpunga, mpunga wa kwanza wote ni wake. Nguruwe ya pori ikakula. Mwaka wa pili bwana yangu akagonjwa, sikulima. Mwaka huu njo mpunga imetoka. Na kabla sijavuna, batu ya Mushaki bakaniambia Madamu alikufa. Nikabaki sijui nitamupa nani."

"Paul iko mu kachoti."

Mikono yake ilisimama. "Juu ya nini?"

"Juu ya hii. Bwana anasema ameiba. Jumatatu wanamupeleka Goma."

"Na Paul hakusema?"

"Hakusema."

Valérie alifunika uso kwa kitenge chake akalia, si kwa sauti. Kisha akainuka.

"Basi kesho tutaenda. Lakini si tupu."

Hapo Hilaire aligawanyika. Sheria ilimwambia akamate kitu cha ushahidi, akifunge, aondoke papo hapo wakati jua bado lipo. Akichelewa, Paul amekwenda. "Mama, jaza mpunga huu, twende," aliomba.

"Mpunga huu umepepetwa nusu, na una mawe. Madamu alikuwa anapenda asali. Kaka yangu ana mizinga juu kule. Kesho kisha sala tutapanda."

"Na nikisema hapana? Mimi ni polisi."

"Basi beba. Lakini utakuwa umebeba wewe. Mimi nitakuwa bado sijarudisha."

Hilaire hakubeba. Alilala kwa katekista wa Kalembe, na Jumapili alisali bila kusikia neno hata moja la mahubiri, kwa kuwa kila wakati alikuwa akipima urefu wa njia. Walipanda baada ya sala, Valérie na kaka yake, na jua lilikuwa limepita utosi waliporudi, mikono ya Valérie imevimba kwa kuumwa na nyuki na uso wake umetulia kuliko jana. Alimimina asali mpaka ikafika kwenye maua yaliyochorwa ndani, akatia na vipande vya masega, akafunika, akafunga kwa majani na kamba. Wakaondoka. Hilaire alimwomba ambebee hata kwenye mteremko mmoja tu. Alikataliwa kwenye miteremko yote.

Jumatatu asubuhi, ofisi ya teritware ya Masisi. Bwana Ajenti, kijana mwekundu aliyekuja nchini mwaka ule ule, alikuwa mezani. Bwana Hubert alikuwa ameketi upande mmoja, koti lake jeusi la msiba limekunjamana. Paul alisimama upande wa pili, mikono imefungwa. Nje, gari la kwenda Goma lilikuwa tayari limewashwa.

"Sajini, umechelewa," Ajenti alisema. "Ushahidi uko wapi?"

"Uko mulangoni, Bwana. Unaingia na miguu."

Valérie aliingia, kitunga kichwani, matope mpaka magotini. Ajenti alinyoosha kidole mezani: aweke pale. Hakuweka pale. Alishusha kitunga chini, akafungua kamba, akaitoa supyeri kwa mikono miwili, akapita mbele ya meza ya serikali kana kwamba haipo, akaenda kusimama mbele ya Bwana Hubert.

"Bwana, mwanamuke wa nyumba njo anapokea. Lakini hayuko. Upokee wewe, kwa niaba yake. Alikuja na supu kwa Jeannette. Mimi namurudishia asali."

Bwana Hubert aliipokea. Hakutegemea uzito ule. Akaiweka mapajani, akafunua, na harufu ya msitu ikajaa ofisini.

"Ni nini hiki?" Ajenti aliuliza. "Kwa nini kuna asali ndani?"

Hilaire alieleza. Alieleza kitambaa kilicholiwa na jua, bakuli la matunda lililosogezwa, surua, katazo, na desturi ya chombo. Alisema maneno machache, na sauti yake haikuwa ya kiofisi kama alivyokusudia. Alipomaliza, Bwana Hubert alikuwa bado anatazama ndani ya supyeri.

"Alienda kule kambini," alisema. "Nilikuwa nimemukataza. Na wewe, Paul, ulijua. Siku hizi zote umefungwa na ulijua. Juu ya nini hukuniambia?"

Paul alisafisha koo. Ilikuwa mara ya kwanza kusikika tangu asubuhi.

"Madamu alisema: Paul, usimuambie Bwana. Hakuniambia mpaka siku gani."

Ajenti alitazama kalamu yake. Nje gari la Goma liliendelea kunguruma, mpaka Hilaire akatoka akamwambia dereva azime.

Aliporudi, Bwana Hubert alikuwa amemgeukia Valérie. Alionekana mzee kuliko Ijumaa, na kwa namna fulani mwepesi zaidi.

"Mutoto alikunywa?"

"Alikunywa, Bwana. Akasema 'ingine.'"

Mzee alitikisa kichwa mara kadhaa, machozi yanashuka, naye hakuyapangusa kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika supyeri. Kisha alimwambia Ajenti kwamba hakuna kesi, na kwamba hakukuwa na kesi tangu mwanzo. Hilaire alimfungua Paul kamba. Paul alisugua vifundo vya mikono, polepole, kama mtu anayetafuta joto lake.

"Twende nyumbani, Paul," Bwana Hubert alisema.

Paul hakuinua mguu. Alikuwa mtu wa adabu, na kwa hiyo alisema kwa adabu, macho chini, lakini alisema.

"Bwana, hapa mu biro tuko batu tano. Ku soko walikuwa bengi."

Ajenti alishtuka, akatazama huku na huku kutafuta ni nani atakayekasirika. Hakupatikana. Bwana Hubert alirudisha mfuniko wa supyeri, halafu akaomba asaidiwe kuinuka.

Kwa hiyo mchana wa siku ile gari la Bwana Hubert halikupita moja kwa moja kwenda nyumbani. Lilisimama Mushaki, katikati ya soko, kati ya viazi na kabichi. Mzee alishuka na supyeri kifuani, asali imemchuruzikia mkono wa koti, akasimama karibu na Paul, akasema kwa Kiswahili chake kile kile cha kuvunjikavunjika: "Paul hapana mwizi. Mimi njo nilikosa."

Wauza viazi waliokuwa nyuma walisema hawakusikia vizuri. Basi akarudia.